Kwa Zena, Kuhusu Maswali ya Mizinga Niliyoyaruka

Chovai, alasiri

Zena wangu,

Nikianza kwa kukuuliza hali nitakuwa nafanya mzaha, maana uko hapo uani, nakusikia ukibishana na bibi yako, tuliyemtolea kitanda chake nje. Yeye ataka ubebe zile tende, wewe wasema mfuko umejaa. Mtabishana hadi magharibi na mwisho utazibeba. Mimi nimejifungia chumbani nimesema kichwa chaniuma. Hakiniumi. Taa haina mafuta, kwa hiyo lazima niandike jua likiwapo, na nilicho nacho moyoni sitaweza kukisema kwa mdomo kesho asubuhi, ukivuka mpaka kwenda shule, mbele ya watu, na boti ya Bakari inanguruma.

Nakuandikia kwa Kiswahili cha shule, kile ulichokiokota kambini Mombasa, wala si kwa Kibajuni chetu. Ndicho utakachokisikia huko kila siku, na mchu, ona limeshanitoka, mtu hapendi wenzake waicheke barua ya mamake.

Habari za nguo, za mafuta ya nywele, za kuamka mapema na kumsaidia shangazi yako Fatuma jikoni, zote naziacha. Atakwambia mwenyewe, na asipokwambia utaona. Kitambulisho huna, nami sina cha kukupa. Askari akiwasimamisha njiani, nyamaza umwache Bakari aseme. Hilo ndilo agizo langu moja, na hata hilo sijui kama litafaa kitu.

Nataka kulijibu swali lako la juzi.

Tulikuwa barazani na kile kitabu cha fizikia kisicho na jalada tulichopewa kambini. Ulikuwa umemaliza swali la mpira uliopigwa teke na lile la jiwe lililoangushwa kutoka mnarani. Ukataka kufunua ukurasa, nami nikafunua miwili kwa mpigo. Ukanishika kifundo cha mkono.

"Mama, kila penye mzinga waruka."

"Hayaji kwenye mtihani."

"Mbona yamejaa kitabuni?"

Nikasema nimesikia bibi yako akiniita. Hakuwa ameniita. Nilikwenda nikasimama karibu na kitanda chake, akanitazama kwa mshangao, nikamwekea mto vizuri ingawa haukuwa na kasoro, nikangoja mpaka niliposikia umefunga kitabu.

Nilikudanganya, Zena. Yanakuja. Watungao mitihani wanayapenda sana: mzinga umefyatua kombora kwa kasi kadha wa kadha na pembe kadha wa kadha, litaanguka wapi? Huko uendako mwalimu mwingine atakuuliza, utajikuta hujui, na hutajua ni kwa nini mama yako aliyekufundisha yote hakukufundisha hilo.

Lakini usije ukadhani nilianza kukufundisha kwa sababu ya hayo nitakayokueleza. Nilianza kwa sababu ya ndoo. Wakumbuka? Tulikuwa kwenye foleni ya maji kambini, wewe ukiwa mdogo bado, umechoka, walia. Nilikuwa sijamfundisha mtu yeyote kitu chochote tangu tutoke Kismayo. Nikaichukua ndoo yetu ilipojaa nusu, nikanyoosha mkono, nikaizungusha juu ya kichwa changu kama mwendawazimu. Maji hayakumwagika. Ukanyamaza. Watoto wakakusanyika, "Tena! Tena!" Nami nikaringa. Nikataka kuwaonyesha mpaka ni wapi, nikapunguza kasi kidogo kidogo, na ndoo ilipofika juu maji yote yakanishukia kichwani, buibui na yote.

Yule mama wa kisiwa cha Kudhaa aliyekuwa nyuma yetu akapiga kelele, "Mchu mzima huyu! Maji ya kunywa hayatoshi, yeye ayafanyia ngoma!"

Ulicheka mpaka ukashikwa na kwikwi. Kisha njia nzima ya kurudi hemani ukaniuliza kwa nini. Nikakueleza kwamba maji hayataki kuzunguka. Maji yataka kwenda moja kwa moja, na ndoo ndiyo inayoyageuza kila wakati kuelekea mkononi mwangu. Ukizungusha kwa kasi, yanahitaji kugeuzwa kwa nguvu nyingi, na uzito wake wote unaliwa na huko kugeuzwa. Ukipunguza kasi, uzito unabaki wa ziada, basi yanaiacha ndoo na kuanguka. Ukasema, "Kwa hiyo yalikuwa yakianguka wakati wote, ila ndoo ilikuwa ikiyawahi." Nilisimama pale njiani, nimelowa, sina maji ya kupikia, nikajihisi kuwa mtu kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

Halafu tuliporudishwa hapa kisiwani Chovai, zile ndimu mbili. Tulipanda juu ya ukuta wa nyumba iliyobomoka. Moja uliiacha idondoke, ya pili uliisukuma mbele kwa nguvu, kwa wakati ule ule. Uliapa kwamba ile ya kusukumwa itachelewa kufika chini kwa kuwa ina safari ndefu. Zikagonga chini pamoja. Hukuamini. Ulirudia mpaka zikapasuka, na bibi yako akawa auliza ni jini gani lililoharibu ndimu zake. Jioni ukanijia jikoni ukaniambia, "Mama, kwenda mbele na kushuka havijuani."

Havijuani. Miaka yote niliyosomesha nilichora mishale ubaoni, mmoja wa kulala na mmoja wa kusimama, na sikuwahi kumsikia mwanafunzi akilisema jambo lile kwa ufupi namna hiyo. Ila mmoja. Nilitoka nyuma ya jiko nikalia, ukadhani ni moshi.

Mmoja huyo aliitwa Guled.

Nilimfundisha Kismayo, shule ya sekondari, kwa Kisomali, kabla mambo hayajaharibika. Mwanamke, Mbajuni, na mwalimu wa fizikia: mwanzoni watu walikuja kuchungulia dirishani. Nilitaka sana kupendwa na wanafunzi wangu, na njia niliyoigundua ilikuwa ni kuwapa maswali yanayotoa majibu safi. Kila swali la kitu kilichorushwa nililimalizia kwa maneno yale yale, "Chukulia ardhi ni tambarare." Ukichukulia hivyo hesabu huwa fupi. Kitu kinapanda, kinashuka, kinarudi kwenye usawa kilikotoka, unapata jibu, kengele inalia, kila mtu anakwenda nyumbani ameridhika.

Guled aliinua mkono siku moja. Alikuwa mrefu, mpole, shati lake limefungwa vifungo hadi shingoni.

"Na kama si tambarare, mwalimu?"

"Hilo si la mwaka huu," nikamwambia.

Sikumjibu vile kwa ubaya. Nilikuwa nimechoka, wewe ulikuwa tumboni, na swali lake lilitaka ubao mzima. Mwaka uliofuata nilikuwa na darasa jingine.

Serikali ikaanguka. Shule ikafungwa, kisha ikawa kambi ya watu wenye bunduki, kisha ya wengine waliowafukuza wale wa kwanza. Sisi tulikaa. Baba yako alikuwa fundi wa mitambo bandarini na kila aliyeuteka mji alimhitaji fundi, basi tukajidanganya kwamba tunahitajika. Bibi yako alikuwa huku Chovai akituma watu kutuita. Nami nikisema tungoje kidogo, labda shule itafunguliwa. Kosa hilo nalo ni langu.

Guled akachukuliwa na watu wa ukoo wake. Walimweka kwenye mzinga kwa sababu alijua hesabu.

Alikuja nyumbani kwetu jioni moja, shati lile lile la shule, bunduki begani kama mtu aliyeshikishwa mzigo wa mwenzake. Baba yako alisimama mlangoni hakutaka kumpisha mpaka nilipomwambia ni mwanafunzi wangu.

"Mwalimu, kesho asubuhi msiwe humu," akasema. "Kamanda ataka kuyapiga yale malori yaliyoko bandarini. Hajui hesabu, akadiria kwa jicho tu. Mimi nimepiga hesabu. Makombora hayafiki bandarini. Yatakatikia hapa, mtaani kwenu."

"Una hakika gani?" baba yako akamuuliza.

Guled akaenda jikoni kwetu, akaokota kipande cha mkaa, akaanza kuandika kwenye ukuta wa ua. Aliandika haraka, akinieleza mimi, si baba yako. Walikuwa wameujaribu mzinga kwenye uwanda, mtutu umeinuka. Alipima kwa miguu yake mahali kombora lilipoanguka, na kwa umbali ule na pembe ile akarudi nyuma akaipata kasi. Sasa gurudumu la kuinulia mtutu limekwama, mtutu umelala. Wameuvuta mzinga mpaka juu ya kilima cha mchanga, umeelekezwa mjini. Kwa kasi ile na pembe hii mpya, umbali ni huu. Akapiga mstari chini ya jibu kama nilivyowafundisha.

Niliifuata hesabu yake mstari kwa mstari. Ilikuwa safi. Ningekuwa na kalamu nyekundu ningempa alama zote. Neno kilima lilipita masikioni mwangu kama neno lolote lile, kama vile alivyotaja uwanda, kama vile alivyotaja gurudumu.

"Vizuri sana, Guled," nikasema.

Akatabasamu, Zena. Katikati ya vita, na bunduki begani, alitabasamu kwa sababu mwalimu amemwambia vizuri sana.

"Basi twende wapi?" baba yako akauliza.

"Ufuoni. Kati ya nyumba na bandari. Hayafiki huko."

Baba yako Lali hakusoma fizikia. Alijua mashine kwa kuzisikiliza. Lakini aliponitazama nikatikisa kichwa kukubali, hakuuliza tena. Akavaa makubadhi, akaenda nyumba hadi nyumba. "Mwalimu amesema tulale ufuoni." Hakusema mvulana mwenye bunduki amesema. Alisema mwalimu. Wengine walicheka, wengi wakaja. Walikuja na mikeka, na birika, na watoto, na mzee mmoja kipofu aliyebebwa mgongoni na mwanawe. Kulipopambazuka ufuo ulikuwa umejaa kama siku ya Idi. Nami nilikuwa na fahari. Nakuambia ukweli, nilipowatazama nilijiona nimewaokoa.

Wewe ulikuwa mdogo, hujafika umri wa kwenda chuoni kusoma Kurani. Ulikuwa ukirusha vijiwe majini. Baba yako akikuhesabia. Kisha ukapanda juu ya jiwe kubwa lililokuwa pale ukingoni, ukarusha kutoka huko, ukaniita.

"Mama! Nikipanda hapa chaenda mbali!"

Nikasema, "Naam, mama, chaenda mbali."

Na maneno hayo yakanigandia mdomoni.

Nilipiga magoti nikachora mchangani kwa kidole. Mzinga uko juu. Hauko kwenye usawa wa nyumba. Kombora likishafika kwenye usawa ule lilikotoka, safari haijaisha, bado lina kimo kizima cha kilima cha kushuka, na wakati wote linapoendelea kushuka laendelea kwenda mbele. Na mtutu umelala. Mtutu ukiwa umelala, kombora halishuki kwa kusimama, lashuka kwa kuteleza, kwa hiyo kimo kidogo huzaa umbali mrefu. Nyumba zetu litazipita juu kwa juu. Bandarini halifiki. Nilipoinua macho kutoka mchangani kuona ni wapi litafika, niliona mikeka, na birika, na watoto.

"Lali," nikasema. "Si nyumbani. Ni hapa."

"Hapa vipi?"

"Kilima. Hatukukitia kilima kwenye hesabu. Lazima warudi majumbani, sasa hivi."

Alinitazama mara moja tu. Kisha akasimama akapaza sauti, nami nikapaza sauti, tukawaambia watu warudi mtaani. Fikiria, mwanangu. Watu uliowatoa vitandani, uliowaambia nyumba zao zitapigwa, sasa unawaambia wazikimbilie nyumba zile zile.

Bi Khadija, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alikuwa anamimina chai. Hakusimama hata. "Mwalimu," akasema, "jana wasema nyumba, leo wasema ufuo. Kesho utatwambia tupande mbinguni?"

Watu wakacheka. Nilianza kuwaeleza. Zena, niliwaeleza! Nilisimama ufuoni nikaanza kuwaambia habari za pembe na kimo, kama niko darasani, na kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kuniona nimeingiwa na wazimu. Ningalilia huenda wangalinifuata. Ningalijitupa chini huenda wangaliogopa. Nilikuwa na jibu sahihi na sikuwa na njia yoyote ya kuwapa.

Wachache waliondoka, kwa kuniheshimu. Yule mwenye baba kipofu aliondoka. Baba yako akakutia mabegani, tukakimbia hadi ukuta wa msikiti wa mtaani. Hapo akakushusha, akakuweka mikononi mwangu.

"Kaeni nyuma ya ukuta. Mimi narudi."

"Hawatasikia, Lali."

"Wewe wamekuchoka," akasema. "Mimi bado hawajanichoka."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu, na aliyasema kwa upole kabisa, kama mtu anayekwenda kukopa chumvi.

La kwanza lilitumbukia majini. Nilisikia watu wa ufuoni wakishangilia, walidhani limekosea shabaha na hatari imepita. Niliwasikia kwa masikio yangu wakishangilia. Ya baadaye hayakufika majini.

Sitakuandikia nilichokiona niliposhuka. Bi Khadija alikufa, na wajukuu zake. Baba yako walimleta kwenye mkeka, uso wake hauna jeraha. Uliniuliza kwa nini amelala na viatu.

Nyumba za mtaa wetu siku ile hazikupata hata mkwaruzo.

Baada ya maziko Guled alikuja. Hakuwa na bunduki. Alisimama nje ya mlango, hakuthubutu kuvuka kizingiti. Nilidhani ataomba radhi, na sikujua nitafanya nini akiomba. Hakuomba. Alisema kwa sauti ndogo, sauti ya mtoto aliyerudishiwa karatasi ya mtihani:

"Nilikosea wapi, mwalimu?"

Ukuta wenye hesabu yake ulikuwa nyuma yangu, sikuwa nimeufuta. Nikamuuliza, "Mzinga ulikuwa wapi, na nyumba zilikuwa wapi?" Akautazama ukuta. Nikaona macho yake yanashuka mstari kwa mstari, yakafika mwisho, yakarudi juu, yakasimama. Akakaa chini pale pale vumbini, akajifunika uso kwa mikono.

Ningemwambia kwamba aliniuliza swali hilo hilo darasani nami sikumjibu. Alikuwa ana haki ya kuambiwa. Nilifungua mdomo, ukaniita kutoka ndani, nikaingia kukutazama, na nilipotoka alikuwa amekwenda. Sikumwona tena. Sijui kama yu hai. Kama yu hai, labda bado anadhani kosa ni lake peke yake.

Yaliyofuata unayajua mwenyewe, mengine kwa kukumbuka na mengine kwa kusimuliwa. Tulikuja huku Chovai kwa bibi yako. Wakaja watu wenye bunduki wakachukua nyavu na mashine za boti na kila walichokitaka, tukakimbilia Mombasa. Tukakaa kambini mpaka tukaambiwa kwetu kumetulia, turudi. Tukarudi tukakuta hakuna shule, hakuna daktari, na kutulia kwenyewe ni kwa siku hadi siku.

Tangu wakati ule nimelifanya swali lile mara zisizohesabika, kichwani, nikipika, nikimgeuza bibi yako kitandani. Kila mara nakitia kilima. Lakini kimo chake halisi sikijui. Mzinga ulikuwa mkuukuu, labda kila kombora lilitoka kwa kasi yake. Hewa hulishika kombora likalegea, na vitabu vyetu hujifanya kwamba hakuna hewa. Kuna siku jibu linanitokea kwamba hata kwa kilima yangalianguka kwenye nyumba za mwisho, na kwamba tungalikaa ndani tungalikufa. Kuna siku linatoka jingine. Huenda hesabu ya Guled na yangu zote zilikuwa kazi bure, na makombora yalikwenda yalikotaka. Kila kitu katika swali lile sikijui, Zena, isipokuwa jibu. Jibu ni pale aliposimama baba yako.

Ndiyo sababu nafunua kurasa mbili.

Sasa utataka kujua ni kwa nini basi nimekufundisha fizikia hata kidogo. Nimejiuliza pia. Ningekufundisha kushona. Ningekuacha na Kurani na kupika, kama wasichana wenzako hapa, na pengine ungekuwa huondoki kesho. Ni mimi niliyemwandikia shangazi yako kwamba una akili za kusoma. Ni mimi niliyemwomba Bakari akuvushe. Na tangu jana nimekuwa nikitamani injini yake ikatae kuwaka. Sina maelezo ya haya mawili kukaa ndani ya mtu mmoja. Labda ni kwamba zile ndimu zilipogonga chini pamoja ulifanya uso fulani, na mimi nilitaka kuuona uso huo tena, basi.

Kama ni funzo unalitafuta, sina. Ninayo namna ya kulifanya swali, na nitakuandikia hapa, maana ni deni langu la ualimu. Kabla ya kuandika namba yoyote, chora. Chora anayerusha amesimama wapi na kitakapoangukia ni wapi, kipi kiko juu ya kipi. Kisha gawa kasi: sehemu ya kwenda mbele na sehemu ya kupanda. Tumia ile ya kupanda, pamoja na kimo, kupata muda mpaka kitu kiguse chini pale kinapogusa kweli, si pale unapotamani kiguse. Ndipo uuchukue muda huo uuzidishe na kasi ya kwenda mbele. Hesabu itakuwa ndefu na jibu huenda lisiwe zuri. Wakikwambia chukulia ardhi ni tambarare, chukulia, upate alama zako, hawana nia mbaya. Hata mimi sikuwa nayo. Lakini ukiona jambo halikukaa sawa inua mkono uulize, na mwalimu akikwambia si la mwaka huu, lifanye peke yako usiku huo huo.

Na mizinga usiiruke. Mimi niliruka kwa ajili yangu, wewe huna sababu.

Jua limefika ukingoni mwa dirisha na mistari yangu inapandana. Nimesoma nilichoandika nikaona sikukupa kitu cha kukusitiri hata kimoja. Mama wengine huwapa watoto wao dua ndefu. Nimekuombea, lakini nikifika mahali pa kusema umlinde, ulimi unakuwa mzito, kwa sababu najua ni watu wangapi waliombewa hivyo pale ufuoni. Naomba hivyo hivyo. Sijui la kufanya jingine. Siwezi kuja nawe, bibi yako haamki kitandani na hana mwingine. Siwezi kukwambia usiende, nimeona kilichoko hapa. Siwezi kukuahidi kwamba shule itakupokea, wala kwamba shangazi yako hatakuchoka, wala kwamba ukirudi utatukuta.

Nimewasikia mmenyamaza huko uani, wewe na bibi yako. Nilipochungulia nimeona amekushika mkono, na tende zimeshaingia mfukoni.

Jambo moja la kesho. Watu watashuka hadi majini kukuaga, majirani wote na watoto wao. Umeshazoea kwamba mimi sishuki ufuoni, samaki huletwa hapa hapa nyumbani, na hukuwahi kuniuliza, ukadhani ni uvivu au ni joto. Nimejaribu leo asubuhi ulipokuwa kwa mwalimu wa chuo ukiaga. Nilifika kwenye nyumba ya mwisho, pale njia inapogeuka mchanga mtupu, miguu ikakataa. Nikaiambia kwamba ni mwanangu anayeondoka, bado ikakataa.

Kwa hiyo nitakuja mpaka nyumba ya mwisho. Nitasimama ukutani, upande wa kivuli. Ukishaingia botini, geuka, unitafute hapo.

Mama yako,
Mwanaisha